Msumari ndani ya mrututu: mmenyuko mmoja, majina mawili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, niko Vwawa. Katika jaribio letu tulitumbukiza msumari wa chuma kwenye mmumunyo wa mrututu (salfeti ya shaba), ukatoka na utando mwekundu. Nilijibu kwamba huo ni mmenyuko wa uhamishaji, mwenzangu akaandika kuwa ni wa redoksi. Mimi nikapata, yeye akakosa. Hata hivyo mlinganyo wangu, 2Fe + 3CuSO₄ → Fe₂(SO₄)₃ + 3Cu, umekatwa ingawa niliusawazisha vizuri. Jambo la mwisho, tulipoupima msumari tulikuta umeongezeka uzito, wakati tulitarajia upungue kwa kuwa chuma ndicho kinacholiwa. Naomba unifafanulie aina za mimenyuko na namna ya kuiandika.

JIBU: Marahaba. Nianze na mwenzako, kwa sababu yeye ndiye aliyeonewa. Jibu lake ni sahihi kama lako lilivyo sahihi, na pengine kosa lake ni kwamba hakuandika jina ambalo msahihishaji alilitarajia.

Chanzo cha utata ni kwamba orodha ya aina za mimenyuko inayokaririshwa huchanganya maswali mawili katika safu moja. Swali la kwanza linahusu mpangilio: vitu viwili vimeungana kuwa kimoja, kitu kimoja kimevunjika, elementi moja imeitoa nyingine mahali pake, au kampaundi mbili zimebadilishana wenza? Hapo ndipo yanapotoka majina ya muungano, mtengano, uhamishaji na ubadilishanaji. Swali la pili haliangalii mpangilio hata kidogo; linauliza kama kuna elektroni zilizotoka upande mmoja zikapokelewa na upande mwingine. Zikiwa zimehama, mmenyuko ni wa redoksi. Zisipohama, si wa redoksi. Mtu anaweza kuwa Mnyiha na papo hapo akawa mkulima wa kahawa, wala hakuna anayedhani kwamba la kwanza linafuta la pili, maana moja ni kabila na jingine ni kazi. Wewe ulijibu swali la mpangilio, mwenzako akajibu swali la elektroni.

Sasa turudi kwenye msumari wenyewe, tena tuutazame kwa karibu. Chukua msumari wa kawaida wa mbao, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, kisha uuzamishe nusu yake katika mmumunyo wa mrututu wenye rangi ya buluu. (Usitumie msumari wa bati: ule umepakwa zinki, na zinki ndiyo itakayotangulia kumenyuka, ukabaki kujiuliza chuma kimekwenda wapi.) Baada ya sekunde chache tu sehemu iliyozama huwa na wekundu hafifu, baada ya dakika kadhaa wekundu huo unakuwa utando laini unaobanduka ukiukwangua kwa ukucha. Ukiuacha muda mrefu zaidi, buluu ya mmumunyo hupauka na kuelekea kwenye kijani hafifu. Utando ule ni shaba, na ile rangi ya kijani ni chuma kilichoingia majini.

Mlinganyo wa maneno ungesema: chuma na salfeti ya shaba huleta salfeti ya chuma na shaba. Umekubalika kama mwanzo, lakini hausemi kiasi wala hausemi hali ya kila kitu. Kwa fomula tunaandika hivi:

Fe(s) + CuSO₄(aq) → FeSO₄(aq) + Cu(s)

Herufi zilizo ndani ya mabano ni sehemu ya taarifa, si mapambo. (s) ni kitu kigumu, (l) ni kimiminika, (g) ni gesi, na (aq) ni kitu kilichoyeyuka majini, kutoka neno la Kilatini aqua, yaani maji. Hata alama za elementi zina asili hiyo hiyo: mtaalamu wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, ndiye aliyependekeza mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba kila elementi iwakilishwe kwa herufi za jina lake la Kilatini, na ndiyo maana chuma ni Fe kutoka ferrum na shaba ni Cu kutoka cuprum.

Kitu kilicho (aq) kama salfeti ya shaba hakiko majini kama kipande kimoja, bali ioni zake, yaani chembe zenye chaji, zimeachana. Tukiziandika zilivyo, tunaona kwamba ioni ya salfeti, SO₄²⁻, iliingia na kutoka bila kuguswa. Ilikuwa mtazamaji. Tukiiondoa pande zote mbili, kinachobaki ndicho kilichotokea hasa:

Fe(s) + Cu²⁺(aq) → Fe²⁺(aq) + Cu(s)

Huu ndio mlinganyo wa ioni, na ndani yake jibu la mwenzako linaonekana waziwazi. Unaweza kuugawa katika nusu mbili: Fe → Fe²⁺ + 2e⁻, yaani chuma kimepoteza elektroni mbili, tunasema kimeoksidishwa, na Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu, yaani ioni ya shaba imezipokea, tunasema imeredushwa. Zingatia kwamba hapa hapakuwa na oksijeni yoyote, ingawa neno lenyewe limetokana nayo. Wanafunzi wengi huamini kwamba bila oksijeni hakuna uoksidishaji, na imani hiyo huwagharimu sana.

Tuje kwenye mlinganyo wako uliokatwa. Nimeuhesabu: chuma 2 kwa 2, shaba 3 kwa 3, salfeti 3 kwa 3. Umesawazika kabisa, lakini unasimulia jambo ambalo halikutokea. Umeandika kwamba chuma kimekuwa Fe³⁺, na mmumunyo wa Fe³⁺ ungekuwa na rangi ya njano inayoelekea hudhurungi, si kijani hafifu. Iko pia sababu yenye uzito zaidi. Ioni ya Fe³⁺ yenyewe huila shaba:

2Fe³⁺(aq) + Cu(s) → 2Fe²⁺(aq) + Cu²⁺(aq)

Mafundi wa vifaa vya kielektroniki hutumia mmenyuko huu huu kuondoa shaba wasiyoihitaji kwenye vibao vya saketi, kwa kuvichovya katika kloridi ya chuma yenye Fe³⁺. Kwa hiyo, hata kama Fe³⁺ ingezaliwa karibu na ule utando mwekundu, isingedumu. Ingemenyuka na shaba, au na chuma kilichobaki, ikarudi kuwa Fe²⁺. Ukiuacha mmumunyo wazi usiku kucha utaona rangi ya kutu ikijitokeza, lakini hiyo ni kazi ya oksijeni ya hewani inayoigeuza Fe²⁺ baadaye, nayo ina mlinganyo wake mwingine. Kanuni ya kuchukua hapa ni kwamba kusawazisha ni hatua ya pili. Hatua ya kwanza ni kujua kwa hakika kilichoingia na kilichotoka, na hilo hujulikana kwa macho, kwa pua pale panaporuhusiwa, na kwa vipimo. Hesabu nzuri haiwezi kuokoa fomula isiyo ya kweli.

Kuhusu kusawazisha kwenyewe sitakaa sana, kwa kuwa naona unaliweza. Nikumbushe tu kwamba tunaongeza namba mbele ya fomula, kamwe hatugusi namba ndogo zilizo ndani yake. Anayeona amepungukiwa oksijeni akageuza H₂O kuwa H₂O₂ hajasawazisha kitu. Amebadilisha maji kuwa dawa ya kusafishia vidonda. Msingi wa zoezi zima ni ule aliouweka Mfaransa Antoine Lavoisier katika kitabu chake cha mwaka 1789: kiasi cha maada kabla na baada ya mmenyuko ni kile kile.

Ninyi mnaoishi Mbozi, wilaya ilimo Vwawa, mna maabara nzuri ya mrututu nje ya darasa. Kabla dawa za shaba zilizokwishatengenezwa hazijajaa madukani, wakulima wa kahawa walizoea kuchanganya mrututu na maji ya chokaa ili kupambana na chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Mchanganyiko huo ulielezwa mwaka 1885 na Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet, aliyekuwa akitafuta kinga ya mizabibu ya Bordeaux, na ndiyo maana hadi leo unaitwa kwa jina la mji huo. Kwa kurahisisha, kinachotokea ni hiki:

CuSO₄(aq) + Ca(OH)₂(aq) → Cu(OH)₂(s) + CaSO₄(s)

Nasema kwa kurahisisha kwa sababu mashapo halisi ya buluu ni salfeti za shaba zilizochanganyika na hidroksidi, wala si Cu(OH)₂ tupu. Lakini kwa kiwango chako mlinganyo huu unatosha. Mpangilio wake ni wa ubadilishanaji: shaba imemwacha salfeti ikachukua hidroksidi, na kalsiamu ikafanya kinyume chake. Sasa uliza swali la pili. Shaba iliingia ikiwa na chaji ya 2+ na imetoka na 2+, kalsiamu vilevile. Hakuna elektroni iliyohama, kwa hiyo mmenyuko huu si wa redoksi, ingawa shaba ni ile ile iliyokuwa kwenye jaribio la msumari. Mimenyuko ya uhamishaji, ambapo elementi huru huingia na nyingine huru hutoka, siku zote ni ya redoksi. Ya ubadilishanaji wa ioni siyo kabisa.

Wazee waliochanganya dawa hiyo walitumia aina zote mbili bila kuzitaja kwa majina. Waliikoroga kwenye chombo cha mbao au plastiki, wakiepuka ndoo ya chuma, kwa kuwa mrututu ungeila ndoo kama ulivyoula msumari wako na shaba ingebaki imeganda ukutani mwa ndoo badala ya kwenda kwenye mkahawa. Kisha, baada ya kutia chokaa, walichovya kisu safi kwa kitambo kidogo. Kisu kikitoka na wekundu, wakajua kwamba bado kuna Cu²⁺ huru ndani ya maji, ambayo ingeunguza majani, wakaongeza chokaa. Kwa maneno mengine, walitumia mmenyuko wa uhamishaji kupima kama ule wa ubadilishanaji umekamilika.

Na kipimo chao? Kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji. Ukitumia mlinganyo utashangaa kidogo. Fuwele za mrututu ni CuSO₄·5H₂O, gramu 249.5 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Chokaa iliyozimwa, yaani Ca(OH)₂, ni gramu 74 kwa moli. Navyo humenyuka moli moja kwa moli moja. Kilo 1 ya mrututu inahitaji takriban kilo 0.3 tu ya chokaa safi. Ziada yote ni ya tahadhari, maana chokaa iliyokaa stoo hufyonza kaboni dioksidi ya hewani na sehemu yake hurudi kuwa karbonati, ambayo haifanyi kazi hiyo vizuri.

Hapo tumeingia kwenye habari ya chokaa, na kwa muungano na mtengano sijaona mfano unaoizidi. Ukitoka Vwawa kuja Mbeya unapita karibu na bonde la Songwe, ambako chokaa-mawe huchimbwa na kuchomwa, na ambako kiwanda cha saruji kimejengwa kwa sababu ya mawe hayo. Jiwe likifikia nyuzi 900 hivi za selsiasi huvunjika:

CaCO₃(s) → CaO(s) + CO₂(g)

Huo ni mtengano. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hupaa hewani kama gesi na kilo 56 hubaki zikiwa chokaa mbichi, kwa hiyo bonge linalotoka tanuruni ni jepesi kuliko ukubwa wake unavyodanganya jicho. Ukilimwagia maji, kwanza hunywa kimya kama udongo mkavu. Halafu huanza kutoa sauti ya kuchemka, nyufa hujitokeza, mvuke hufuka, na bonge hufumuka na kuporomoka kuwa unga mweupe:

CaO(s) + H₂O(l) → Ca(OH)₂(s)

Huo ni muungano, tena wa kutoa joto, takriban kilojuli 65 kwa kila moli. Usiusogelee bila kukinga macho, maana tone moja la chokaa ya moto linaweza kukuharibia jicho. Mtengano uliotangulia ulikuwa wa kuvuta joto, kilojuli 178 hivi kwa moli, na ndiyo sababu tanuru hula kuni au makaa mengi kiasi kile. Mwishowe unga huo ukipakwa ukutani hukutana na gesi ile ile iliyopaa, Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O, na ukuta unakuwa na ngozi nyembamba ya jiwe.

Tazama sasa swali la elektroni. Katika mlolongo wote huu kalsiamu ilikuwa 2+ mwanzo hadi mwisho. Tuna mtengano usio redoksi na muungano usio redoksi. Lakini magnesiamu inapoungua, 2Mg + O₂ → 2MgO, tuna muungano ambao ni redoksi. Na dawa ile ya vidonda inapovunjika, 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂, tuna mtengano ambao ni redoksi. Kwa hiyo usijaribu kukariri kwamba muungano ni hivi na mtengano ni vile. Kila mara uliza maswali mawili, kila swali peke yake.

Kuna mimenyuko ambayo haikai upande mmoja. Kwenye chemchemi za maji moto za Songwe maji hutoka ardhini yakiwa yamebeba kalsiamu na ioni za haidrojeni karbonati. Yanapofika juu, kaboni dioksidi hutoroka na jiwe hujijenga tabaka kwa tabaka. Kaboni dioksidi ikizidi tena majini, jiwe huyeyuka. Tunaandika kwa mishale miwili:

Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq) ⇌ CaCO₃(s) + CO₂(g) + H₂O(l)

Alama ya mishale miwili ililetwa na Mholanzi van 't Hoff mwaka 1884. Ukiitumia unatoa dai kwamba pande zote mbili zipo kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiiweke kwa mazoea.

Mwako hutajwa kama aina yake peke yake, nao kwa swali la pili ni redoksi siku zote. Gesi ya kupikia aina ya propani huungua hivi: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Mkaa wenye hewa ya kutosha hutoa CO₂. Jiko lililojaa mkaa na hewa haba hutoa kitu kingine, kwa kuwa CO₂ iliyokwisha kutengenezwa chini hupita katikati ya makaa mekundu na kumenyuka nayo: CO₂ + C → 2CO. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, hasa Makete na Njombe, watu huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha, na tofauti kati ya CO₂ na CO, ambayo kwenye karatasi ni kinamba kidogo, inakuwa tofauti ya kuamka au kutoamka. Uchachu wa ulanzi kule Iringa nao umo katika somo hili: hamira hugeuza sukari kuwa pombe, C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂, na povu linalopanda ni ile gesi. Kuchemka kwa maji, kwa upande mwingine, si mmenyuko wa kikemia kabisa. Hapa Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini yanaingia H₂O na kutoka H₂O.

Limebaki suala la uzito wa msumari, na hili nimeliacha kwa makusudi hadi hapa kwa sababu linajibiwa na ule mlinganyo mfupi. Atomu moja ya chuma inapoondoka, atomu moja ya shaba inakuja. Moli moja ya chuma ni gramu 56, na moli moja ya shaba ni gramu 63.5. Kila gramu 56 zinazoliwa hulipwa kwa gramu 63.5 zinazoganda, kwa hiyo msumari lazima uongezeke gramu 7.5 kwa kila moli. Tuseme mizani yenu ilionyesha ongezeko la gramu 0.075. Hiyo ni moli 0.01, maana yake gramu 0.56 za chuma zimeingia majini na gramu 0.635 za shaba zimekaa mahali pake. Mlinganyo wako wa awali ungedai jambo tofauti: atomu 2 za chuma, gramu 112, zingeleta atomu 3 za shaba, gramu 190.5, na ongezeko kwa kiasi kile kile cha chuma lingekuwa kubwa zaidi ya mara tano. Mkirudia jaribio, pimeni msumari kabla na baada, mkwangue shaba yote muipime pembeni, mwone ni mlinganyo upi unaokubaliana na mizani. Msumari ukaushwe kwanza, na shaba iliyobanduka ikaanguka chini ya bika nayo ihesabiwe, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupoteza gramu zao.